Dawa za Kibofu Kisichotulia: Ulinganisho wa Miingiliano na Tahadhari Kabla ya Kuchagua

Mtu anayebanwa na haja ya ghafla ya kukojoa, anayekwenda msalani mara nyingi mchana na kuamka tena usiku, ingawa vipimo havikuonyesha maambukizi wala mawe, kwa kawaida huambiwa kwamba kibofu chake kinafanya kazi kupita kiasi. Hutangulizwa mazoezi ya kukizoesha kibofu kusubiri, mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga na kupunguza kafeini. Yasipotosha, daktari hutaja dawa, na hapo ndipo linapozuka swali la dawa ipi. Wengi huuliza kwanza ipi ina nguvu zaidi. Kwa maoni yangu hilo si swali la kuanza nalo, kwa kuwa tofauti ya ufanisi baina ya dawa hizi ni ndogo: zote hupunguza safari za msalani na matukio ya kuvuja mkojo kwa kiasi kinachokaribiana, na hakuna hata moja inayoondoa tatizo moja kwa moja. Kinachozitenganisha hasa ni madhara yake, viungo vinavyozivunjavunja na kuzitoa mwilini, na namna zinavyogongana na dawa nyingine ambazo mgonjwa tayari anazitumia. Kwa hiyo kinachopaswa kusomwa mwanzo kabisa ni orodha kamili ya dawa hizo, zikiwemo za mafua, za mzio na za usingizi zinazonunuliwa bila cheti cha daktari.

Makundi mawili

Kundi la kwanza, ambalo ndilo kongwe, ni la dawa zinazozuia asetilikolini, kemikali ya neva inayouamuru msuli wa kibofu kujikunja. Humo mna oksibutinini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 1975, na baadaye tolterodini, trospiamu, solifenasini, darifenasini na fesoterodini. Kundi la pili huamsha vipokezi vya beta-3, yaani sehemu za seli zinazopokea ishara, ambavyo kazi yake ni kuulegeza msuli huohuo wakati kibofu kinajaa. Mirabegroni iliidhinishwa Marekani mwaka 2012. Vibegroni ilianza Japani mwaka 2018, kisha ikaidhinishwa Marekani mwaka 2020.

Madhara ya kila kundi yanatokana na njia hizo. Asetilikolini haifanyi kazi kwenye kibofu pekee, bali pia kwenye tezi za mate, utumbo, macho, moyo, tezi za jasho na ubongo, na ndiyo maana mtumiaji wa kundi la kwanza anaweza kupata kinywa kikavu, choo kigumu, ukungu machoni, mapigo ya moyo ya haraka, na, hasa akiwa mzee, kuchanganyikiwa. Kundi la pili halina sehemu kubwa ya usumbufu huo. Hata hivyo si sahihi kuliita kundi lisilo na madhara, kwa kuwa mirabegroni inaweza kupandisha shinikizo la damu na kuvuruga uvunjwaji wa dawa nyingine kadhaa, na makundi yote mawili yanaweza kusababisha mkojo kubaki ndani ya kibofu kwa mtu ambaye njia yake tayari imebanwa.

Kwanza, je, si dawa nyingine inayoleta tatizo?

Hatua hii hurukwa mara nyingi, na kurukwa kwake hugharimu. Dawa za kuongeza mkojo kama furosemidi humpeleka mtu msalani kwa sababu ndiyo kazi yake, na akizimeza jioni, usiku wake hautakuwa na utulivu hata kibofu kikiwa kizima. Dapagliflozini na empagliflozini, zinazotumika kwa kisukari, moyo na figo, hutoa sukari kupitia mkojo na kuvuta maji pamoja nayo. Donepezili, inayopewa wagonjwa wa Alzheimer, huongeza asetilikolini mwilini na inaweza kuleta haja ya ghafla na kuvuja mkojo. Ikiwa daktari wa pili hakuijua sababu hiyo, humwongezea mgonjwa dawa ya kuzuia asetilikolini, na hapo mgonjwa anameza dawa mbili zinazovutana: moja inapandisha kile ambacho nyingine inakishusha, kumbukumbu haisaidiwi, na madhara yanabaki. Katika hali kama hiyo kubadilisha saa ya kumeza dawa, dozi au aina yake kunaweza kufaa kuliko kuongeza kidonge kingine. Uamuzi huo ni wa daktari aliyeandika dawa ya awali. Mgonjwa asiikatize mwenyewe.

Kundi la kwanza na mzigo unaojilimbikiza

Hatari kubwa ya dawa zinazozuia asetilikolini haitokani na kidonge kimoja, bali na jumla ya vidonge vyenye tabia hiyo. Zipo dawa nyingi ambazo hakuna anayezihusisha na kibofu lakini zinazuia asetilikolini vilevile: amitriptilini ya sonona na maumivu ya neva, klorfeniramini na prometazini za mzio, difenhidramini iliyomo katika dawa nyingi za usingizi, klorpromazini ya magonjwa ya akili, triheksifenidili inayotumika kwa mitetemo na ukakamavu wa misuli, na haiosini ya maumivu ya tumbo. Mtu anayetumia amitriptilini usiku na klorfeniramini wakati wa mafua, kisha akaongezewa oksibutinini, anapokea athari moja kutoka sehemu tatu. Choo hukwama, ulimi hukauka, macho hushindwa kusoma, na kwa mzee huenda ikafuata kuweweseka ambako familia hudhani ni uzee au maambukizi.

Suala la kumbukumbu linastahili maneno zaidi. Tafiti zilizofuatilia makundi ya wazee kwa miaka zimeonyesha uhusiano kati ya matumizi ya muda mrefu ya dawa hizi na ongezeko la ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu. Uhusiano huo hauthibitishi kwamba dawa ndiyo iliyousababisha ugonjwa, lakini umetosha kwa mwongozo wa mwaka 2024 wa Chama cha Madaktari wa Mkojo cha Marekani kutaka daktari azungumze na mgonjwa kuhusu hatari hiyo anapompa dawa za kundi la kwanza. Ndani ya kundi lenyewe dawa hazilingani. Oksibutinini ya kumeza hupenya kwa urahisi kwenye ubongo, na ndiyo ambayo ningeiweka mwisho wa orodha kwa mtu mwenye umri mkubwa. Trospiamu, kwa umbo lake la kikemikali lenye chaji, hupenya kwa shida sana. Darifenasini hulenga zaidi aina moja ya kipokezi, ile iitwayo M3, ambayo si ile inayohusika zaidi na kumbukumbu, ila hulipiza kwenye utumbo: choo kigumu ni lalamiko la kawaida kwa wanaoitumia.

Miingiliano mingine ya kundi hili ni rahisi kuikumbuka mtu akijua kwamba utumbo umepunguzwa kasi na kinywa kimekauka. Vidonge vigumu vya potasiamu kloridi vinaweza kukaa mahali pamoja muda mrefu na kuuchoma ukuta wa njia ya chakula, kwa hiyo visitumiwe pamoja na dawa hizi bila daktari kujua. Mgonjwa anaweza kupewa potasiamu ya maji. Tahadhari kama hiyo ni ya alendronati ya mifupa, ambayo inaweza kuumiza umio. Kodeini, mofini na dawa nyingine za maumivu za jamii hiyo huongeza ufungaji wa choo na pia uwezekano wa mkojo kukataa kutoka. Metoklopramidi, inayopewa ili tumbo lisukume chakula, hupingwa moja kwa moja. Na mgonjwa wa moyo anayeweka kidonge cha nitrogliserini chini ya ulimi anapaswa kujua kwamba kinywa kikavu hukichelewesha kuyeyuka. Alowanishe kinywa kwanza, au amwombe daktari dawa ya kupuliza. Pombe huongeza usingizi na kizunguzungu. Kwa kuwa jasho hupungua, kazi nzito kwenye joto kali inaweza kumletea mtumiaji homa ya joto bila yeye kutarajia.

Ini: ni dozi ipi inayobadilika, na kwa sababu ya nini

Dawa nyingi za kundi la kwanza huvunjwa na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP3A4. Dawa nyingine ikikizima kimeng'enya hicho, ile ya kibofu hurundikana mwilini kana kwamba mgonjwa ameongeza vidonge mwenyewe. Wanaokizima kwa nguvu ni ketokonazoli na itrakonazoli za fangasi, klarithromisini ya bakteria, na ritonaviri na kobisistati, ambazo huwekwa ndani ya baadhi ya michanganyiko ya dawa za virusi vya UKIMWI kwa lengo hilohilo la kuzuia dawa nyingine zisivunjwe upesi. Solifenasini inaonyesha vizuri ukubwa wa jambo hili: ketokonazoli ya miligramu 200 kwa siku iliongeza kiasi chake mwilini mara mbili, na ya miligramu 400 mara tatu. Kwa hiyo, mtu anayetumia vizuizi vikali hivyo hapaswi kuvuka miligramu 5 za solifenasini kwa siku. Kikomo cha fesoterodini katika hali hiyo ni miligramu 4, na cha darifenasini ni miligramu 7.5. Tolterodini, ambayo kwa kawaida hufika miligramu 4 kwa siku, hushushwa hadi 2 au huepukwa kabisa. Oksibutinini nayo hupanda, na daktari huanza na dozi ndogo. Juisi ya balungi huzuia kimeng'enya hichohicho kwenye utumbo, jambo ambalo watu wengi hawalitegemei kutoka kwa tunda.

Upande wa pili ni dawa zinazokichochea kimeng'enya: rifampisini ya kifua kikuu, na karbamazepini na fenitoini za kifafa. Hizi huweza kuifanya dawa ya kibofu iondoke kabla haijasaidia. Mgonjwa hulalamika kwamba dawa imeacha kufanya kazi, dozi inaongezwa, kisha matibabu ya kifua kikuu yakiisha, kimeng'enya kinarudi katika hali yake ya kawaida na dozi ile iliyoongezwa inakuwa kubwa mno. Kila dawa ya aina hii inapoanzishwa au kusimamishwa, dozi ya kibofu iangaliwe upya.

Trospiamu haipiti njia hiyo. Haivunjwi kwa kiasi kikubwa na vimeng'enya hivyo vya ini, kwa hiyo kwa mtu mwenye orodha ndefu ya dawa za fangasi, za kifafa au za virusi, ndiyo yenye utata mdogo katika kundi la kwanza. Bei yake inalipwa kwingine. Hutolewa na figo, na uwezo wa figo wa kuchuja damu ukishuka chini ya mililita 30 kwa dakika, dozi ya kawaida ya miligramu 20 mara mbili kwa siku hushushwa kuwa miligramu 20 mara moja usiku. Lazima imezwe tumbo likiwa tupu, angalau saa moja kabla ya kula, kwa sababu mlo wenye mafuta mengi unaweza kupunguza kiasi kinachoingia mwilini kwa asilimia 70 hadi 80. Mtu asiyeweza kutunza saa hiyo moja ya kabla ya chakula asishangae ikiwa haimsaidii.

Mirabegroni na vibegroni, bega kwa bega

Mirabegroni huanzwa kwa miligramu 25 na inaweza kupandishwa hadi 50, na nafuu yake kamili huchukua wiki kadhaa kuonekana. Jambo la kwanza la kuulizia ni shinikizo la damu. Kwa wagonjwa wengi wa kibofu ongezeko la wastani lilikuwa dogo, la milimita moja ya zebaki au chini yake, lakini wastani huficha watu wachache ambao shinikizo lao hupanda sana. Mwenye shinikizo la 180 au zaidi kwa namba ya juu, au 110 au zaidi kwa namba ya chini, hapaswi kuitumia. Mwenye shinikizo lililodhibitiwa anaweza, mradi apimwe kabla ya kuanza na aendelee kupimwa.

Jambo la pili halizungumzwi vya kutosha. Mirabegroni huzuia kimeng'enya kingine cha ini, CYP2D6, na dawa zinazotegemea kimeng'enya hicho hupanda. Metoprololi, dawa ya kawaida sana ya moyo na shinikizo, iliongezeka mwilini zaidi ya mara tatu katika vipimo vilivyofanywa. Mgonjwa wa namna hiyo anaweza kuishia na mapigo ya moyo ya polepole na kizunguzungu, akadhani moyo wake umezidiwa. Flekainidi na propafenoni za mapigo yasiyo sawa zinahitaji uangalifu zaidi, kwa kuwa nafasi kati ya dozi inayofaa na inayodhuru ni nyembamba. Thioridazini na dawa za sonona za jamii ya amitriptilini ziko katika kapu hilohilo. Digoksini nayo hupanda kwa njia tofauti, na kiasi chake mwilini kiliongezeka kwa asilimia 27, hivyo huanzwa kwa dozi ndogo kabisa na damu hupimwa. Kimeng'enya hicho huhitaji takriban siku 15 kurejea hali yake baada ya mirabegroni kuachwa. Kwa hiyo daktari aliyepunguza metoprololi kwa sababu ya mirabegroni asiipandishe siku ileile ambayo mgonjwa anaiacha.

Hapa darifenasini inastahili kutajwa tena, kwani nayo huzuia CYP2D6 kwa kiasi. Anayehama kutoka mirabegroni kwenda darifenasini ili kuiokoa flekainidi yake hajahama popote.

Vibegroni, ya miligramu 75 mara moja kwa siku, haizuii kimeng'enya hicho, na katika uchunguzi uliopima shinikizo la damu kwa saa 24 haikulipandisha kwa kiasi cha maana. Digoksini bado inahitaji kupimwa damu, ingawa ongezeko ni dogo. Ina faida nyingine ya kivitendo: kidonge chake kinaweza kusagwa na kuchanganywa na kijiko cha tunda lililopondwa, jambo lisilowezekana kwa vidonge vya mirabegroni vya kutoa dawa taratibu wala kwa vidonge vya namna hiyo katika kundi la kwanza, ambavyo vikivunjwa au kutafunwa hutoa dozi nzima kwa mara moja. Ningeipa vibegroni nafasi ya kwanza kwa mgonjwa wa moyo mwenye dawa nyingi. Ugumu ni kwamba haijasajiliwa kila mahali, na ambako ipo si rahisi kupatikana kama zile za zamani.

Mwili wenyewe unavyoamua

Wapo watu ambao hali zao hufunga mlango kabla ya kufikia dawa nyingine. Glakoma, ugonjwa wa shinikizo ndani ya jicho, ikiwa ya pembe nyembamba na haijatibiwa, inakataza kundi la kwanza. Glakoma ya kawaida ya pembe wazi kwa kawaida haikatazi, na watu wengi hunyimwa dawa bure kwa sababu hakuna aliyeuliza ni ya aina gani. Tumbo linaloshindwa kusukuma chakula, utumbo ulioziba na mkojo uliokwama navyo vinakataza kundi la kwanza, na mgonjwa wa miasthenia, ugonjwa wa udhaifu wa misuli, huwekwa mbali nalo isipokuwa kwa usimamizi wa karibu. Mwanamume mwenye tezi dume iliyovimba si lazima azinyimwe dawa za kibofu, lakini apimwe kwa picha ya mawimbi ya sauti ni mkojo kiasi gani unabaki baada ya kukojoa, na kipimo hicho kinahusu makundi yote mawili.

Kwa figo zilizoshuka chini ya mililita 30 kwa dakika, solifenasini haivuki miligramu 5, fesoterodini 4, na mirabegroni 25. Ini lililodhoofika kwa kiasi cha kati huweka kikomo cha solifenasini kwenye 5, darifenasini kwenye 7.5 na mirabegroni kwenye 25. Ini lililoharibika vibaya linaziondoa zote tatu. Mwenye historia ya kurefuka kwa muda wa QT, yaani muda ambao moyo huchukua kujikunja na kujiandaa upya, kwenye kipimo cha umeme wa moyo, au anayetumia amiodaroni au sotaloli, hasa kama potasiamu yake imeshushwa na dawa za kuongeza mkojo, awe mwangalifu na solifenasini na tolterodini. Wajawazito kwa kawaida hawapewi dawa hizi, na mwenye uwezekano wa kushika mimba ajadili hilo na daktari kabla ya kuanza.

Kupima chaguo

Kwa mtu mwenye umri mkubwa anayetumia amitriptilini au aliyeanza kusahau, kundi la pili linatangulia. Likishindikana kwa sababu ya shinikizo au kukosekana, trospiamu ndiyo yenye hoja bora, mradi figo zikubali. Kwa mwenye shinikizo la damu lisilotulia, mirabegroni isubiri, na ikiwa vibegroni haipo, solifenasini au fesoterodini katika dozi ya chini inaweza kufaa endapo akili, macho na choo viko sawa. Anayetumia ritonaviri au kobisistati atapata usumbufu mdogo kwa trospiamu. Mirabegroni nayo hupanda, lakini mara nyingi haihitaji kupunguzwa figo na ini vikiwa vizima. Kijana mwenye afya njema asiyetumia dawa nyingine yoyote anaweza kuanza na yoyote kati ya hizi, na kwake urahisi wa kupatikana na gharama ni vigezo halali. Akiteswa na kinywa kikavu kwa oksibutinini ya kumeza, kiraka chake cha ngozi, kinachobadilishwa mara mbili kwa wiki, huiwezesha dawa kuingia kwenye damu bila kupita kwanza kwenye ini na hupunguza ukavu huo, ingawa ngozi inaweza kuwasha.

Dawa moja ikileta nafuu nusu, makundi mawili yanaweza kuunganishwa: mchanganyiko wa solifenasini ya miligramu 5 na mirabegroni uliidhinishwa Marekani mwaka 2018. Wakati huo tahadhari za pande zote mbili hujumlishwa, na hatari ya mkojo kukwama huongezeka, kwa hiyo kipimo cha mkojo unaobaki kirudiwe. Kuunganisha dawa mbili za kundi la kwanza ni jambo jingine, nalo huongeza madhara kuliko faida.

Yoyote itakayochaguliwa, ipewe wiki nne hadi nane kabla ya kuhukumiwa, isipokuwa zitokee dalili zisizosubiri: kushindwa kabisa kukojoa huku tumbo la chini likiuma, jicho kuuma ghafla na kuwa jekundu huku taa zikionekana kuzungukwa na duara za rangi, uso, midomo au ulimi kuvimba, kuweweseka, au mapigo ya moyo kwenda ovyo. Kwa dalili yoyote kati ya hizo mgonjwa asimeze dozi inayofuata na afikishwe hospitali siku hiyohiyo, akiwa na vifungashio vya dawa zote anazotumia, maana atakayempokea atahitaji kujua majina na dozi kabla ya kumpa chochote.